Nafasi ya Karani Mkuu

Rafiki yangu mmoja ni mwigizaji katika ukumbi wa michezo wa mkoa. Miaka yote kazi yake ni ufagio: mchezo wowote ukija, yeye ndiye mfagiaji. Safari hii walikuwa na kichekesho cha ofisini, na nafasi ya karani mkuu aliitaka kufa na kupona. Mwongozaji akampa mke wake mwenyewe.

Alasiri ya mazoezi, yule mke akachelewa.

"Mama, hebu shika nafasi yake kwanza," mwongozaji akamwambia rafiki yangu. "Ukinichekesha, tutaongea."

"Wewe hujacheka tangu uoe."

Ameanza tu, umeme ukakatika. Ukumbi hauna dirisha hata moja, giza likawa totoro. Akaona liwalo na liwe, akaendelea. Alipofika pale karani anapomficha bosi kabatini, kicheko kikapasuka kutoka kwenye viti. Akatia madoido. Wakacheka mpaka wakakohoa.

"Umealika watu?" mwongozaji akamnong'oneza pale jukwaani.

"Mimi? Nilidhani ni wako."

Umeme ukarudi. Hapakuwa na mtu. Viti vya pale vina springi, hujikunja mtu akiinuka. Vyote vilikuwa vimejikunja, isipokuwa safu nzima ya mbele.

Ndipo mke wa mwongozaji akaingia, akapanda jukwaani, akanyoosha mkono kudai miwani ya karani. Rafiki yangu akaivua, akampa.

Kule mbele kiti kimoja kikajikunja, pa. Kikafuata cha jirani yake, kisha kingine, bila haraka, kuelekea mlangoni.