Asubuhi Tovuti ya Kliniki Ilipogoma

Mlangoni pa lifti watu walisongamana, kila mmoja akiwahi kazini, na katikati yao fundi wa seva akajikuta ana kwa ana na mchumba wake. Walikuwa na siku tisa hawasemezani. Mwanamume alivaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi, na tai aliyochaguliwa na fundi mwenyewe. Alipendeza, na hilo ndilo lililomuudhi fundi zaidi.

"Umefurahi sasa?" mchumba alifoka mbele za watu. "Tovuti ya kliniki haifunguki! Saa nne nakutana na madaktari. Nikawaonyeshe nini, uso wako?"

"Uso wangu si haba. Na wewe pia, habari za asubuhi."

"Usinitanie! Umeifunga makusudi."

Ugomvi wao ulianzia kwenye nenosiri. Seva aliyoitunza fundi ilibeba tovuti za wateja mia mbili, zote zikiendeshwa kwa akaunti moja: mwizi akimwingilia mteja mmoja, amewaingilia wote. Fundi akazitenganisha, kila programu na akaunti yake, isiguse mafaili ya jirani. Mchumba, mtengeneza tovuti, akataka nenosiri la akaunti kuu ili asipate usumbufu. Akanyimwa.

"Mke gani huyu, ananifungia mlango hata sijamuoa?" alisema siku ile, akakata simu.

Fundi alipofika ofisini, bosi alimsukumia karatasi kabla hajakaa. Ilikuwa barua ya malalamiko: fundi amezima tovuti kwa chuki binafsi. Chini, jina la mchumba wake.

"Jieleze kabla ya saa nne," bosi alisema, "au ukabidhi funguo."

Alifungua kumbukumbu za seva, zinazoandika kila kosa linalotokea. Sababu ilikuwa pale pale. Akampigia mchumba.

"Jana uligusa ruhusa za mafaili?"

"Picha zilikataa kupanda. Nikafungua ruhusa zote, kila mtu aweze kuandika."

"Basi umejifungia mwenyewe. Programu ambayo kila mpita njia anaweza kuibadilisha, seva haiiendeshi. Haijui mchumba wala shemeji. Rudisha ruhusa ziwe zako peke yako."

Vitufe vikasikika vikigongwa haraka haraka.

"Imefunguka! Mpenzi, imefunguka! Nisamehe, malkia wangu, hasira zilinipanda. Jumamosi twende kwa mama tupange siku ya harusi."

"Matusi ya kwenye lifti nimekusamehe."

"Ndiyo maana nakupenda! Na ile barua naifuta, namwandikia bosi wako sasa hivi."

"Uliiandika saa ngapi?"

"Kama saa moja hivi."

"Tumekutana saa mbili. Ungenipigia kwanza ningekujibu, hata kwa ugomvi."

"Nilijua ni wewe tu."

"Ulijua."

Fundi alimpenda bado, na alijichukia kwa kumpenda. Machozi yalimdondokea kwenye kibodi, akayafuta kwa ukingo wa mtandio. Mtu huyu alikuwa tayari kuona mchumba wake akifukuzwa kazi, na swali moja tu lilimshinda kuuliza.

"Mwandikie bosi ukweli, usichelewe," alisema. "Na mama msalimie. Mwambie asinisubiri Jumamosi."

"Jumamosi ijayo, basi?"

"Wala hiyo."

Akakata simu, akachapisha zile kumbukumbu, akaenda kugonga mlango wa bosi.