Subiri Turbo Ipoe

Simu ililia mara mbili, ikakatika, ikalia tena.

Zamda Kilindo aliinua mkono wa simu bila kusema halo.

"Kuku wa Girish ameonekana sokoni," ilisema sauti ya Mzee Abdulswamad, mkuu wake wa kazi. "Mtaa wa Gerezani, pale Kariakoo, ghala lenye geti la bluu. Saa tisa anaingia kwenye kontena, anakwenda bandarini."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umenisikia?"

Alimsikia.

Kuku lilikuwa jina la siri la ndege. Cessna 210 ya injini moja, yenye turbo. Girish, muuza vitambaa wa Mtaa wa Uhuru, aliinunua enzi za ruksa zilipoanza, biashara ilipofunguliwa, wenzake walipokuwa wakigombania video na friji. Watu walimcheka, lakini turbo iliisukumia injini hewa kule juu ambako hewa ni haba, na Girish akawa anapita juu ya mawingu ya mvua kwenda Mwanza kufuata pamba. Mkewe, Sudha, aliivunjia nazi, akaipaka unga mwekundu puani, akafunga uzi mwekundu kwenye usukani.

Kisha Girish akaiazimisha serikali ndege hiyo. Rubani akawa Pius, mchumba wa Zamda.

Miaka mitatu sasa tangu apotee. Pius alijifanya rubani wa kukodiwa, akaingia kwenye genge la magendo ya pembe za faru. Neno lake la mwisho redioni lilikuwa, "Naanza kushuka." Hakikuonekana kipande cha bati wala maiti. Ofisini waliandika kwamba ametoroka na ndege.

Tangu hapo Zamda alikuwa akisikia filimbi nyembamba masikioni, mlio wa turbo, akiwa jikoni, akiwa kwenye swala. Hakumwambia mtu. Jasusi anayesikia wafu hupewa likizo isiyo na mwisho.

"Kama ni yenyewe, na iko nzima," alisema Mzee Abdulswamad taratibu, "basi Pius alituuza. Jiandae kwa hilo, mwanangu."

"Niko tayari," alidanganya.

Mjumbe wa mnunuzi wa ndege hiyo kutoka nje alikuwa amekamatwa asubuhi hiyo hotelini, kabla hajaonana na muuzaji. Zamda angekwenda badala yake. Kamera ndogo ya Minox ilikaa ndani ya pakiti ya sigara za Sportsman, bastola ya Makarov chini ya kanga kwenye mkoba. Redio ya Motorola aliibana kwapani, ndani ya baibui.

Mvua ilikuwa inaipiga Kariakoo bila huruma. Aliiacha Peugeot 504 yake kando ya maduka ya spea, akaongea na kwapa lake, akikiita kikosi cha kumsaidia.

"Simba Mbili, mko wapi?"

"Bonde la Jangwani. Maji yamefika kwenye taa za gari. Hatupiti."

"Zungukeni Buguruni."

"Tunazunguka. Usiingie peke yako."

Aliingia peke yake.

Kasmir, dalali wa ndege, alikuwa mwembamba, viatu vyake vikavu kabisa siku ile ya mafuriko. Si mwenyeji wa nchi, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Gerezani tupu. Vibarua alikuwa amewatoa waende kula.

"Karibu dada. Ndiyo hii. Kagua, roho yako itulie."

Ndege ilisimama katikati ya ghala bila mabawa, imepakwa rangi mpya nyeupe na mstari wa kijani. Mabawa yaliegemezwa ukutani. Zamda alibisha kwenye tangi la mafuta lililo ndani ya bawa. Halikutoa sauti ya kitu kitupu. Pembe zilikuwa humo. Alitoa pakiti ya sigara, akaigeuzageuza, akabofya Minox.

Akapanda kwenye kiti cha rubani.

Uzi ulikuwepo. Ulikuwa umefifia, una rangi ya chai, lakini fundo lilikuwa lile lile la Sudha.

Filimbi ikaanza.

"Huu uzi wa nini?" aliuliza. Sauti yake ilitoka kavu, akashukuru.

Kasmir, aliyesimama nje ya mlango wa ndege, alikuna shingo. "Achana nao. Tumebadili rangi, namba, viti. Lakini huo, kila fundi niliyemleta kaugomea. Wanasema huo ndio unaoishika hewani, ukiukata umejikata mwenyewe. Na mimi... basi tu, niliuacha."

Kwa hiyo ni yenyewe. Na ni nzima. Pius aliwauza.

Angeweza kuondoka sasa, kazi imekwisha. Lakini macho yake yalikuwa yameona kitu alipopita penye kifuniko cha injini kilichoachwa wazi.

"Turbo ni mpya kuliko injini," alisema. "Kwa nini?"

Gerezani spea mpya ina maelezo yake. Mteja akiikuta kwenye mashine kuukuu, huuliza ile ya kwanza ilikufa na nini, na muuzaji asipojibu hapohapo, biashara imekufa nayo. Kasmir alikuwa ameuza mtaani hapo muda mrefu mno. Alijibu kabla hajafikiri.

"Injini haina kosa, dada, usije ukamwambia bosi wako hivyo. Turbo iliungua kwa sababu injini ilizimwa ingali ya moto."

"Rubani hajui kazi?"

"Anajua kupita kiasi. Tulishagundua ni mtu wa serikali. Katua vizuri, nimemwekea bastola kisogoni, na bado anasema, subirini, turbo ipoe. Ana bastola kichwani anaongelea turbo! Nikampiga risasi, nikanyoosha mkono, nikazima mwenyewe."

Mvua iliendelea kugonga bati.

Subiri, inapoa. Kila safari Pius aliwakalisha abiria kwenye viti, injini ikinguruma polepole, hataki kuzima, maana turbo ni ya watu, si yake. Katika kusubiri huko ndiko alikomwambia Zamda kwamba anataka kumuoa. Hakutoroka. Hakuuza mtu. Zamda alifurahi, kisha akaionea haya furaha yake, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

Kasmir aliyaona.

Mkono wake ulikimbilia kiunoni. Zamda aliupiga mlango teke la miguu miwili. Ukingo wake ulimpata Kasmir kwenye kifundo cha mkono, bastola ikaanguka, na alipoinua uso Makarov ilikuwa inamtazama.

"Kaa chini."

Alikaa.

Filimbi sasa ilijaa kichwa kizima. Kidole cha Zamda kilikuwa kwenye kifyatulio na kilitaka. Hakuna ambaye angeuliza. Hakuna hata ambaye angesikia kwa mvua ile.

"Unangoja nini?" Kasmir alinong'ona.

"Ipoe," alisema Zamda.

Wakasubiri. Yeye kwenye kiti cha Pius, muuaji kwenye sakafu yenye grisi. Polepole Zamda akaondoa kidole kwenye kifyatulio.

Geti lilivunjwa. Simba Mbili waliingia wakiwa wamelowa hadi kiunoni.

"Pembe zimo kwenye mabawa," aliwaambia. Akalifungua fundo kwa kucha, hakulikata. Kisha akaongea na redio. "Mzee, Pius hakutoroka. Sahihisheni. Alikufa kazini."

"Itasahihishwa leo," ilisema sauti ya mzee. "Tusamehe, mwanangu."

Zamda aliirudisha redio kwapani. Alijifunika baibui, akatoka akipita kati ya watu waliojikinga mvua vibarazani, hakuna aliyemgeukia.

Mtaa wa Uhuru alisimamisha Peugeot mbele ya duka la vitambaa. Sudha alitoka na mwavuli, akainama dirishani.

"Zamda? Mbona huzimi gari?"

Zamda alimfungulia mlango, akamwekea uzi kiganjani. Sudha alilitazama fundo lake. Aliingia, akaketi, akaukunja mkono juu ya kifua.

504 haina turbo. Wakaisubiri hata hivyo, vioo vikijaa ukungu.

Kisha Zamda akageuza ufunguo, na kukawa kimya, hata masikioni mwake.