Waya wa Kijani na Njano

Kila jioni Hadia alikuwa na kazi moja: kuchota maji ya moto kwenye sufuria kubwa, kuyachanganya na ya baridi ndani ya ndoo, kisha kuyapeleka bafuni. Mama yake alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita, na Bibi Sauda, mama yake baba, alishikilia kwamba mzazi haguswi na maji ya baridi hata tone.

Jioni hiyo alikuwa amefika mlangoni na ndoo yake pale taa zilipowaka ghafla.

"Umeme!" Baba yake, Mzee Sadalla, aliita kutoka barazani. "Treni imeleta dizeli! Hadia, weka chini ndoo hiyo. Leo mama yako anaoga maji ya hita."

Mji wa Mpanda ulikuwa umekaa gizani siku nne kwa kukosa mafuta ya mitambo ya umeme. Siku zote hizo hita mpya ya kuchemshia maji, ya kwanza katika mtaa wao wa Makanyagio, ilikaa ukutani bafuni bila kazi. Fundi Ambrosi alipomaliza kuifunga alisema wazi, "Umeme ukirudi msiiwashe. Mniite kwanza niipime."

Siku ile ya kufunga, Hadia ndiye aliyemshikia tochi. Ambrosi alikuwa fundi mwenye leseni, tena hakuona tabu kueleza. Alimwambia kwamba hita hula umeme mwingi kuliko taa zote za nyumba, kwa hiyo haichomekwi kwenye soketi ya pasi. Hupewa laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya umeme, nyaya nene zisizopata moto, na fyuzi ya peke yake. Swichi yake aliifunga nje ya bafu, mahali ambapo mkono wenye maji haufiki.

"Nyaya nyekundu na nyeusi usiziguse kabisa. Zina umeme," alimwonya.

"Na huu wa kijani na njano?"

"Huo hauna umeme. Unakwenda kwenye fimbo ya shaba tuliyoizika nyuma ya nyumba."

Kabla hajaendelea, Bibi alimwita Hadia akambebe mtoto.

Sasa Bibi alisimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni. "Sadalla, maji yanachemshwa na ukuta? Mimi sitaki mzazi huyu apigwe radi ndani ya nyumba!"

Baba alicheka. "Mama nawe! Umeme ukivuja unapita kwenye ule waya wa kijani na njano, unazama ardhini. Haumpati mtu."

Hadia akauvuta mkono wa gauni lake hadi kwenye kiganja. Mchana ule yeye na Odeta, rafiki yake wa nyumba ya pili, walikuwa wameukata waya huo pale nyuma ili wasuke bangili. Wasichana wote wa darasa lao walikuwa nazo.

"Una hakika?" Odeta alikuwa amemuuliza.

"Hauna umeme, fundi mwenyewe kasema."

Mama alikwisha kuingia bafuni. Baba akanyoosha mkono kwenye swichi. Labda hautavuja, Hadia alijiambia. Akisema, atachapwa. Ndani ya bafu mama yake aliimba kwa sauti ndogo, kama alivyomwimbia mtoto.

"Baba, usiwashe!"

"Bibi yako amekuambukiza woga?"

"Waya nimeukata mimi." Akapandisha mkono wa gauni, bangili ikaonekana.

Baba alitoka na tochi kwenda nyuma ya nyumba. Aliporudi alifoka mpaka mtoto akaamka akilia. Kisha akakaa kwenye ngazi na kumtuma jirani amwite fundi.

Ambrosi alikuja na baiskeli. Alizima swichi kuu, akauondoa waya wote uliokatwa na kuweka mwingine mzima, bila kuunga. Akapima mpaka akaridhika.

"Waya huu una kazi siku ya ajali tu," alimwambia Hadia. "Siku nyingine unaonekana wa bure, ndiyo maana watu huudharau. Ulikosea kugusa kitu usichokijua. Lakini umesema kabla swichi haijawashwa, ukijua utagombezwa. Ukweli ukichelewa hausaidii." Akamgeukia baba. "Na wewe, Mzee Sadalla, nilisema mniite. Mtoto hakujua. Wewe ulijua."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga khanga. "Baba Hadia, haraka yote hii ya nini? Ndoo ilikuwa tayari."

Baba alimgeukia mkewe.

"Alipozaliwa Hadia nilikuwa Tabora kwenye biashara," alisema polepole. "Hukuwa na mtu. Siku ya tatu tu, ulijitekea maji mwenyewe. Safari hii nilitaka maji ya moto yakufuate wewe. Nalijua hilo miaka kumi na miwili na sijakuomba msamaha. Nakuomba sasa. Nisamehe, Mama Hadia."