Doa Juu ya Meza ya Jikoni

Jumamosi asubuhi Litiana alichemsha mihogo na chai ya majani ya ndimu kama kawaida, lakini macho yake yalikuwa darini. Alhamisi lile doa la maji lilikuwa dogo kama sahani. Sasa lilikuwa pana kuliko meza. Tone likaanguka ndani ya sukari.

"Seru!" Bibi Unaisi aliita.

Binamu yake Litiana alishuka ngazi, taulo shingoni. "Mimi tena, bibi?"

"Nani mwingine anaoga huko juu kama bata?"

"Bata gani? Litiana husema mimi nalowesha vumbi tu."

Litiana hakucheka. Siku mbili nzima alikuwa akimvizia, akichungulia bafu kila alipotoka. "Jana sakafu ilikuwa imelowa," alisema.

Bibi akaweka kikombe chini. "Babu yenu aliitunza nyumba hii mpaka kufa. Nawe mwezi haujaisha tangu tumzike, unaiozesha! Jumatatu utarudi kijijini."

Seru aligeuka, akapanda ngazi kwenda kufungasha. Kijijini kwao hakukuwa na sekondari.

Fundi wa mabomba, Apisai, aliyekuwa ameitwa na bibi, aliyasikia hayo akiingia na mfuko wake wa vyuma. "Kabla ya kumfukuza mtu, mama, tuyaulize maji," alisema.

Alikoroga manjano ndani ya ndoo ya maji, akayamwaga bafuni. Wakangoja jikoni. Matone yakaendelea kuanguka, bila rangi ya manjano hata kidogo.

"Seru hayumo katika kosa hili," alisema fundi. Akafunga mabomba yote, akaenda na Litiana kutazama mita ya maji langoni. Kigurudumu chake bado kilikuwa kikizunguka. "Unaona? Kuna bomba lililo wazi mahali fulani."

Wakarudi juu. Fundi aliegemeza bisibisi kwenye paipu, mpini sikioni akisikiliza maji, akaifuata ukutani hatua kwa hatua. Akasimama mbele ya mlango uliofungwa.

"Humo hapana," bibi alisema haraka. "Ni chumba cha marehemu. Hakifunguliwi mpaka zipite siku mia za maombolezo."

"Siku mia ni zetu sisi, mama. Maji hayajaambiwa."

Litiana aliutazama ule mlango. Jumatano alikuwa amechukua ufunguo wa chumba hicho nyuma ya saa ya ukutani, akaingia kunusa koti la babu. Alilia sana. Alipotaka kunawa uso alifungua bomba la beseni la humo chumbani, lakini siku hiyo maji yalikuwa yamekatika mji mzima. Je, alilifunga? Hakukumbuka. Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza, lakini Seru alikuwa amekwisha kuanza kukunja mashati yake.

"Bibi," alisema, "mimi niliingia humo. Nafikiri bomba la beseni nililiacha wazi mimi."

Bibi akaenda kwenye saa ya ukutani, akaleta ufunguo.

Bomba lilitiririka kwa uzi mwembamba. Chini ya beseni palikuwa na ndoo iliyojaa hadi kufurika, na maji yalipenya katikati ya mbao za sakafu.

"Paipu ya chini ya beseni ilipasuka zamani," bibi alisema polepole. "Babu yenu aliyakinga maji yake kwa ndoo, akiimwaga kila asubuhi kwenye mndimu wake, nyie mkiwa mmelala." Akaketi kitandani, akalishika lile koti. "Seru, nisamehe. Sikukuuliza, nilikuhukumu tu."

"Na mimi pia nisamehe," Litiana alimwambia Seru.

"Bata amesamehe," Seru alijibu, na bibi akacheka huku akifuta macho.

Kisha akamgeukia Litiana. "Kumlilia babu si kosa, mjukuu wangu. Hata kusahau bomba si kosa kubwa. Lakini ulimpeleleza mwenzio siku mbili, hukujiuliza hata mara moja wewe mwenyewe ulifanya nini. Siku nyingine anza hapo. Na ukigundua ni wewe, sema mapema, kama ulivyosema leo."

Fundi alifunga bomba. Mlango bibi aliuacha wazi.

Litiana na Seru walishusha ndoo, kila mmoja ameshika upande wake. Uani mndimu wa babu ulikuwa umeanza kunyauka. Walimwaga maji taratibu kwenye shina, wakasimama mpaka ardhi ilipoyanywa yote.