Mlango wa Saba wa Chura

Chiriku alisimama ghafla katikati ya ukumbi wa mafundi simu, na watu watatu wakamgonga kwa nyuma. Mmoja akamsonya. Hakujali. Masikio yake yote yalikuwa kwenye wimbo mwembamba kama filimbi ya plastiki, uliokuwa ukitoka mfukoni mwa kijana mmoja aliyebeba vikombe vitatu vya chai.

"Samahani, mwenzangu. Huo si wimbo wa chura?"

Kijana akageuka. Shati la drafti, mikono imekunjwa, bisibisi nyuma ya sikio. "Chura mwenye koti jekundu," akasema. "Mlango wa kwanza wa ule mchezo wa zamani wa televisheni. Hebu nishikie chai, mama yangu anapiga."

"Usipokee kwanza. Ukipokea utakatika."

"Ni mama, nimekwambia."

"Atapiga tena. Kina mama hawachoki."

Akacheka mpaka chai ikammwagikia kiatuni, na simu ikaita hadi ikanyamaza yenyewe.

Basi, hiyo ndiyo siku msusi mwenye domo kuliko wote mtaani alipokutana na Fundi. Miezi mitatu baadaye saluni nzima ilijua Fundi anapenda chai ya namna gani na anakoroma upande upi. Chiriku alisema yote, isipokuwa moja. Hakumwambia mtu, hata Fundi mwenyewe, habari za kaka yake.

Kaka ndiye aliyekuwa bingwa wa mchezo ule, enzi za kaseti za kuchomeka kwenye mashine chini ya televisheni. Alifika mlango wa saba akakwama. Kila asubuhi aliuwasha, akauacha muziki wa mlango ule ukicheza huku anapiga pasi shati la kazini, na mdogo wake akicheza dansi juu ya kitanda. Kisha ugonjwa ukamchukua. Ndani ya kaseti mlibaki mstari mmoja tu uliohifadhiwa: KAKA, MLANGO WA 7.

Siku kaseti ilipogoma kuwaka, Chiriku aliipeleka kwa Fundi. "Nisafishie tu, mpenzi. Nataka muziki."

Fundi akasafisha, ikawaka. Lakini fundi ni fundi. Aliona kibetri cha ndani kimeanza kuvuja, akakilehemu kipya bila kuambiwa, ili amfurahishe. Kile kibetri ndicho kilichokuwa kinatunza kumbukumbu ya mchezo. Kilipotoka, kilitoka na kila kitu.

Chiriku akawasha. Mistari mitatu ya kuhifadhia, yote mitupu.

"Mstari wa Kaka uko wapi?"

"Nilidhani ni mambo yenu ya utoto. Betri yenyewe ilikuwa inakufa, mamaa, mwezi huu huu ingeondoka nayo."

"Nani alikutuma uguse betri?"

"Sasa mbona hukuniambia? Wewe unayenisimulia hadi ndoto za wateja?"

Hapo ndipo alipomchoma. Chiriku akachukua kaseti, akaitazama, akaitupa juu ya meza na kutoka. Hakulia. Alitembea tu, mtaa hadi mtaa, gauni lake la njano likimpiga magotini, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Kesho yake, saa saba mchana, simu ikaita. Fundi. Akapokea. Upande wa pili ukaja muziki tu: mlango wa kwanza. Ukaisha, simu ikakatwa.

Keshokutwa, mlango wa pili. Siku iliyofuata, wa tatu. Wateja wakazoea kusogeza viti.

"Huyu anakubembeleza au anakuchezea gemu?" akauliza Bi Mkubwa, mwenye saluni.

"Simjui."

"Humjui, na spika umeiweka juu."

Mlango wa nne ukachukua siku mbili. Wa tano, tatu. Kisha simu ikaacha kuita. Siku ya kwanza Chiriku akaiweka chaji mara tatu. Siku ya pili alisuka, akafumua, akasuka tena, mpaka mteja akajitazama kwenye kioo. "Dada, unanisuka au unanichorea ramani?"

"Nenda," Bi Mkubwa akamwambia, akimpokonya kitana. "Nenda kabla hujanifilisi."

Akamkuta Fundi nyuma ya meza, macho mekundu, dole gumba limefungwa plasta. Kwenye skrini chura alikuwa anakufa mlango wa sita, mara ya mia sijui ngapi.

"Vidole vyangu vinajua bisibisi tu," akasema bila kumtazama. "Wale popo wananimaliza."

"Unakimbia. Hawataki mtu anayekimbia." Chiriku akavuta stuli. "Lete pedi ya gemu. Kaka alikuwa anasimama, anahesabu mpaka nne, ndipo anaruka."

Neno lile likamtoka kama pumzi. Akamsimamisha chura, akahesabu, akamrusha. Popo wakapita. Na mlango wa saba ukafunguka na muziki wake, kengele ndogo juu, besi ikitembea chini, na Chiriku akaanza kusema. Akaeleza pasi, shati, kitanda kilichovunjika chaga, hospitali. Fundi akasikiliza mpaka mwisho bila kugusa kitu chochote.

Mchezo ukauliza: nihifadhi? Mstari wa kwanza ulikuwa tayari na jina. KAKA.

"Umeandika lini?"

"Siku ile ulipotoka. Ningeandika langu, ningekuwa nimemwibia mara mbili." Akajikuna plasta. "Nisamehe."

Kabla hajajibiwa, simu ikaita mezani. Mlango wa kwanza.

"Mama huyo," Fundi akasema. "Niuache ucheze?"

Chiriku akausikiliza mpaka pale unapopinda kurudi mwanzo. Kisha akabonyeza kitufe cha kijani mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Hapana, si yeye, ni mkweo. Ndiyo, yupo, ana kidonda cha gemu. Nina mengi ya kukusimulia, mama. Una nafasi?"