Kitambaa cha Siku Mbaya na Siku Nzuri

Ndugu wasomaji, wakubwa kwa wadogo, simameni wima! Natangaza habari nzito ambayo haijasikika nyumbani kwetu kwa muda mrefu: mama amecheka.

Haya, kaeni. Alicheka mara moja tu, tena alikuwa ananicheka mimi. Kabla ya hapo nyumba nzima ilikuwa na hasira, na mimi nilishika nafasi ya kwanza.

Mama ni fundi cherehani. Anashona sare za shule sebuleni, karibu na dirisha. Baba ni fundi redio. Meza yake iko upande wa pili wa sebule hiyo hiyo. Mimi nasoma shule ya bweni, na huko nina sifa kubwa: hakuna mwanafunzi aliyefagia uwanja kwa adhabu kunishinda. Baba ananiita Kero.

Miaka michache iliyopita, bibi alifariki. Mama akakosa usingizi. Daktari alimwandikia vidonge vya kutuliza, vya wiki mbili tu. Wiki mbili zikaisha, lakini mwenye duka la dawa akaendelea kumuuzia bila karatasi ya daktari.

"Vipi dada, nikupe vile vyako?" alikuwa akimuuliza, utadhani anauza nyanya.

Miaka mitatu! Nikimkumbuka mtu yule, meno yangu yanasagana.

Siku moja baba alimkuta mama amesinzia juu ya cherehani, sindano iko karibu na kidole. Akakasirika. Akavitupa vidonge vyote chooni. Kwake, kitu kikiungua ndani ya redio unaking'oa, basi. Siku ya tatu mama alianguka. Mwili wote ukatetemeka, macho yakageuka. Akakimbizwa hospitali. Daktari alimrudishia dawa, kisha akampunguzia kidogo kidogo kwa miezi minane, mpaka akaacha kabisa.

Tukadhani yamekwisha. Miezi mitano baadaye nilirudi likizo. Nikakuta hayajaisha.

Mikono ya mama ilikuwa inatetemeka. Masikio yalimlia. Ngozi ilimuwaka moto kama ameng'atwa na siafu. Usingizi ulimjia kwa muda wa saa mbili au tatu tu, ukaondoka.

"Zima hiyo redio!" alisema siku hiyo mchana.

"Nitajuaje kama imepona bila kuiwasha?" baba akajibu.

"Kichwa changu kinagongwa nyundo, baba Kero!"

"Miezi mitano, mke wangu! Dawa ilishatoka mwilini. Hii sasa ni nini kama si kujiendekeza?"

Mama alirusha kibunda cha uzi. Baba akainama. Kikanipata mimi, ambaye kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nimefanya lolote.

"Basi kesho naenda kwa yule wa duka la dawa," mama akasema. "Anipe kimoja tu. Nina sare arobaini za kumaliza."

"Nenda! Bora hivyo kuliko hivi."

Nikasimama. "Yaani baba, ametolewa kwenye vidonge kwa shida yote ile, halafu leo unamwambia nenda?"

"Kero, usinipandishie sauti!"

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu, muuguzi wa hospitali. Alikuja kujaribu gauni lake la kazi. Mimi humwita Sindano, lakini mbali na masikio yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nani amekufa humu?"

"Bado," nikajibu.

Mama alimweleza yote. Muuguzi hakukaa. Alimgeukia baba.

"Shemeji, mtu si redio. Ubongo wake ulitulizwa na kidonge miaka mitatu. Ulizoea. Sasa unajifunza upya kujituliza wenyewe. Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache. Wengine huchukua miezi, hata mwaka na zaidi. Tena inakuja kama mawimbi. Leo nafuu, kesho balaa."

"Kwa hiyo sijiendekezi?" mama akauliza.

"Hujiendekezi, shoga yangu. Wala huna wazimu."

"Na kile kimoja tu?"

"Kimoja cha dukani kinaweza kukurudisha ulikotoka. Usikiguse. Kesho twende kwa daktari wako akupime, maana si kila maumivu ni ya dawa ile. Na ukianguka tena, au ukijisikia hutaki kuishi, usisubiri kesho. Uletwe hospitali saa hiyo hiyo."

Mama aliangalia sakafu. Baba alimwona anavyoangalia sakafu, na uso wake ukabadilika.

Muuguzi akaokota kitambaa cheupe kidogo kilichobaki kwenye sare. "Ukishona hapa kila jioni mstari mmoja, tutaona unavyoendelea. Siku mbaya, uzi mwekundu. Siku nzuri, uzi wa bluu. Daktari atapenda kuona."

"Mwezi mmoja," baba akasema. "Bluu isipoongezeka, mimi mwenyewe naenda dukani. Siwezi kumwona anateseka hivi."

Daktari alimpima, akasema yale yale ya muuguzi. Aliongeza kwamba mama apunguze kahawa, asiguse pombe, atembee kila asubuhi na apumzike kabla hajachoka sana. Nusu ya sare zikapelekwa kwa fundi mwenzake. Baba akaanza kupima redio kwa spika za masikioni. Akawa anatikisa kichwa peke yake kama mjusi ukutani.

Wiki ya kwanza, kitambaa kilikuwa chekundu chote. Wiki ya pili, bluu mbili. Wiki ya tatu wimbi likarudi. Ikaja bluu moja, kisha nyekundu, nyekundu, nyekundu. Mama alilia juu ya cherehani. Baba alikiangalia kitambaa, akaangalia viatu vyake vilivyo mlangoni. Nilivichukia vile viatu. Niliuchukia uzi mwekundu, duka la dawa, na kila mtu aliyesema "vumilia" kisha akaenda zake kulala vizuri.

Siku ya ishirini na nane muuguzi alikuja. Baba akahesabu kwa kidole.

"Bluu kumi na mbili! Haya, nimeshindwa."

Mama aliusogelea mwanga wa dirisha. Alivaa miwani. Akakigeuza kitambaa, akaangalia upande wa nyuma.

"Mistari mitano hapa si yangu."

Nikapata hamu kubwa ya kwenda kufagia uwanja.

"Labda mikono ilikuwa inatetemeka, mama," nikasema kwa heshima zote.

"Ikitetemeka inashona vizuri kuliko hii. Hii ameshona kuku." Kisha akaniangalia usoni, na akacheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka.

Muuguzi hakucheka. "Ulitaka daktari adanganywe? Angedhani mama yako amepona, akamruhusu arudie kazi yote. Siku mbaya nazo ni habari. Toa!"

Nilifumua mistari yangu mitano. Chini yake kulikuwa na nyekundu. Zikabaki bluu saba. Nikavitazama vile viatu vya mlangoni. Baba akakichukua kitambaa, akakisoma polepole, safu kwa safu.

"Wiki ya kwanza hakuna," akasema. "Wiki hii nne." Akakirudisha kwenye mapaja ya mama. "Dukani nitakwenda, lakini si kununua. Muuguzi, hao wakaguzi wa dawa ofisi yao iko wapi? Yule mtu lazima aulizwe."

"Twende wote," muuguzi akasema. "Na wewe Kero, kaa uandike kisa hiki, wengine wakisome. Andika na ulichofanya."

Basi nimeandika. Ndiyo, ni mimi. Nilishona asubuhi ya siku ile, mama na baba walipokuwa wametoka kutembea. Niliviogopa vile viatu vya mlangoni. Na jina la Sindano muuguzi ameshalijua, maana nililiacha humu ndani ya kisa, naye ndiye aliyesoma kabla yenu.