Programu Iliyobaki Kitale

Kila Jumatano saa kumi, wanachama wa chama cha hisabati walivua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta na kuingia kwa soksi. Ndani mlikuwa na kompyuta sita za msaada, kila moja imefunikwa kitambaa kuzuia vumbi la Bungoma. Mwaka huo wa 2008 hiyo ilikuwa mali kubwa, na Mwalimu Rispah, mlezi wa chama, aliilinda kama mboni ya jicho.

Jumatano moja Nangila, msichana wa kidato cha kwanza, aliingia wa kwanza, flashi ikining'inia shingoni. Likizo fupi alikuwa kwa shangazi yake Kitale, na huko, kwenye saiba, yaani duka la intaneti, ya dada mmoja aitwaye Sabiha, aliona maajabu: programu ya aljebra iitwayo Maxima. Unaiandikia mlinganyo wenye x, nayo inakuambia x ni ngapi kabla hujapepesa jicho. Na ni ya bure! Sabiha alimruhusu kuinakili. Tangu arudi, shule nzima ilikuwa imesikia habari hizo, hata wasiozitaka.

"Sasa mtaona," aliwaambia wenzake. "Nimebeba mashine ya x kwa shingo!"

Akachomeka flashi. Jina la programu likatokea kwenye skrini. Akabofya. Kimya. Akabofya tena, mara tano, mara kumi. Wapi!

"Ati mashine ya x!" mmoja akadakia, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Uso wa Nangila ulimwaka moto kwa aibu. Akaropoka, "Mwalimu, hii kompyuta iko na virusi! Hesbon aliweka flashi yake hapa jana. Nilimwona."

Hesbon, mwanafunzi mwenzake darasani, akashtuka. "Mimi? Si nilikuwa naandika insha tu, bana!"

Mwalimu Rispah hakuwa na mchezo na virusi. "Hesbon, toka. Hutaingia humu mpaka fundi aikague. Na akipata virusi, chama hiki usahau."

Hesbon akatoka ameinamisha kichwa. Maskini, yeye ndiye aliyependa kompyuta kuliko wote. Nyumbani kwao Myanga hawakuwa na umeme, sembuse kompyuta.

Kesho yake wakati wa chakula, Nangila alimwona Hesbon amesimama nje ya dirisha la chumba kile, anachungulia ndani. Roho ikamuuma. Lakini pia kulikuwa na swali lililomkera tangu jana: kama ni virusi, mbona vitu vingine vyote vilifunguka vizuri? Akamwomba mwalimu ruhusa, akachomeka flashi kwenye kompyuta ya pembeni, ambayo Hesbon hakuwahi kuigusa. Kimya kile kile. Kwenye ya tatu, vivyo hivyo. Ndipo akatazama ukubwa wa faili. Kilobaiti moja, pungufu hata ya insha ya ukurasa mmoja! Programu gani hiyo ya kilobaiti moja?

Angeweza kunyamaza. Fundi angekuja wiki ijayo, asione kitu, na mambo yaishe. Lakini Hesbon alikuwa bado yuko pale dirishani.

"Mwalimu," alisema, "hakuna virusi. Shida ni flashi yangu. Nilimsingizia Hesbon."

Mwalimu akamgeukia. "Ulipomtaja, ulikuwa unajua au unabahatisha?"

"Nilibahatisha, mwalimu. Sikutaka kuchekwa."

"Basi nenda umwite, umwambie hayo hayo mbele yangu."

Nangila alimwambia huku machozi yakimlengalenga. Hesbon alikunja uso. "Umefanya watu waniite Virusi," alisema kwa uchungu. "Asubuhi yote, ni Virusi, Virusi." Nangila akaomba msamaha tena. Kisha udadisi ukamshinda Hesbon. "Ati kilobaiti moja? Hebu nione."

Mwalimu Rispah alimpigia Sabiha simu kwa namba aliyokuwa nayo Nangila, akaiweka kwenye kipaza sauti ili wote wasikie.

"Kumbe!" Sabiha alicheka. "Mdogo wangu, ulinakili kile kipicha cha kubofya. Kile huonyesha tu mahali programu iliko, na programu yenyewe ilibaki hapa kwangu. Halafu kompyuta zenu zinatumia mfumo gani? Zangu ni Windows."

"Zetu ni Linux," Hesbon akajibu upesi.

"Basi hata ningewapa yangu, kwenu isingefunguka. Iko nyingine iliyotengenezewa Linux. Nitaipakua niwatumie kwa CD."

Jumatano iliyofuata CD ilikuwa imefika. Wakafuata maelezo yaliyokuja nayo hatua kwa hatua mpaka programu ikafunguka. Hesbon akaandika amri ya kutafuta x katika 3*x + 7 = 22, akabonyeza. Kimya!

Wote wakamgeukia Nangila. "Sijui shida ni nini," alisema. "Tusome maelezo tena."

Wakasoma. Kumbe kila amri lazima imalizike kwa nukta-mkato! Hesbon akaiweka, na papo hapo jibu likatokea: x = 5. Wakalipima kwa kalamu: tatu mara tano, kumi na tano, ongeza saba, ishirini na mbili. Shangwe zikalipuka.

"Mmeona?" Mwalimu Rispah alisema. "Mashine imenyamaza kama siku ile, lakini leo hakuna aliyeumizwa. Nangila amesema hajui, tukatafuta, tukapata. Usipojua kitu, sema hujui, kisha upime. Ukitaja jina la mwenzako kwa kubahatisha, unamuumiza, na shida inabaki pale pale." Kisha akamgeukia Hesbon. "Hata mimi nilikosa. Nilimfukuza Hesbon kabla ya kupima lolote. Hesbon, nisamehe."

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsikia mwalimu akimwomba mwanafunzi msamaha.

"Yamekwisha, mwalimu," Hesbon alisema, akitabasamu kwa haya. Kisha akasogeza kiti. "Nangila, keti hapa. Hebu tuipe hesabu ngumu."